Saa Nane hadi Saa Kumi

“Saa nane na robo! Bwana Karako, ni saa nane na robo!”

“Saa naijua, Bwana Daktari. Ninayo ya dhahabu mkononi.”

“Basi itazame!”

“Nikishaitazama nifanye nini? Niipigie saluti?”

Katapila lilikuwa linanguruma kati yao, limeng’ata udongo mwekundu, na Daktari Heinz Lilienfeld alilazimika kupiga kelele ili jirani yake asikie kwamba saa hizi kelele ni marufuku. Alikuwa amesimama mpakani mwa viwanja viwili na pajama iliyonyooshwa pasi hadi mikunjo ikasimama wima, joho la kulalia juu yake, na miguuni viatu vya ngozi vinavyong’aa, maana mwanamume hatoki nyumbani kwake na ndara. Mbele yake Shimshon Karako, tajiri wa vigae vya bafuni, shati limefunguliwa hadi kitovuni na mkufu unametameta kwenye manyoya ya kifua.

“Kijiji hiki kinalala saa nane hadi saa kumi,” alisema Daktari. “Kimelala hivyo tangu tulipochimba kisima. Hata wakati wa vita kililala.”

“Ndiyo maana mmefanana na kuku wenu! Jua likipanda, mnasinzia!”

“Kuku wangu walikuwa na adabu kukushinda.”

“Nimenunua kiwanja, mzee, sikununua usingizi wako! Endelea, dereva! Chimba!”

Watu walishajaa. Mlinzi wa nyumba ya balozi alikuwa ameacha lango lake wazi. Mama wa posta ameegemea baiskeli, barua zote mkobani. Mpishi wa nyumba ya tatu katoka na unga mikononi. Na wale wazee wasioweza kutoka, kwa kuwa kiheshima walikuwa wamelala, kila mmoja alikuwa nyuma ya dirisha, na zile mbao za madirisha zimeinuka kidogo tu, kama kope.

Halafu mngurumo ukakatika. Hivi hivi, ghafla, mpaka masikio yakavuma. Dereva alikuwa amezima mtambo. Akashuka, kijana mrefu mwenye vumbi jekundu kwenye nyusi, akavua kofia.

“Mzee wangu, samahani. Sikujua. Kwetu mchana halali mtu. Ukilala wanadhani unaumwa, wanakuletea supu.”

Daktari Heinz akamtazama kutoka juu hadi chini. “Jina lako nani?”

“Amram Swissa. Wa Neve Amal, hapo ng’ambo ya barabara kuu.”

“Bwana Swissa, asante kwa kuzima.” Akainamisha kichwa kidogo, kama yuko mahakamani, akageuka kwenda kulala.

“Nakulipa usimame?” Karako alifoka.

“Mzee akinipigia kelele mkono unatetemeka, bosi. Bwawa litatoka limepinda. Unataka wageni wako waogelee upande?”

Watu wakacheka, hata mlinzi wa balozi, ambaye hajawahi kucheka. Na katikati ya kicheko hicho Amram akamwona. Msichana alikuwa ametoka kumrudisha babu yake ndani, miguu peku kwenye nyasi, gauni jepesi la rangi ya limau, nywele mbichi amezikunja juu na kuzichomeka penseli. Tone la maji lilikuwa linashuka shingoni taratibu, na Amram, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, akalifuata tone lile kwa macho hadi likapotelea kwenye gauni.

“Na wewe, dada, nimekuamsha?” alifaulu kusema.

“Mimi silali. Najifanya.”

“Tangu lini?”

“Tangu nizaliwe,” alisema Renana Lilienfeld, akaingia ndani, na mlango ukafungwa bila sauti, kama inavyofungwa milango yote ya kijiji kile, Kfar Shmaryahu.

*

Wageni humcheka Daktari Heinz, lakini hawajui alikotoka. Alikuwa daktari wa sheria Breslau, Ujerumani. Miaka ile ya thelathini, Wayahudi walipofukuzwa huko, alikuja na wenzake, mahakimu, maprofesa, matabibu wa meno, wakapewa mchanga mtupu na vifaranga. Walipojenga nyumba za kwanza walisimama mstari, wakapitishiana matofali mkono kwa mkono, na kila tofali lilisindikizwa: “Tafadhali, Bwana Daktari.” “Asante, Bwana Daktari.” Watu wa Tel Aviv walikuwa wanakuja Jumamosi kuwatazama na kushika mbavu. Waliokota mayai wamevaa tai. Jioni walipiga fidla, na kuku walizoea kiasi kwamba siku isiyo na fidla hawatagi.

Kisha miaka ikaenda, mayai yakashuka bei, ardhi ikapanda. Walilala wafugaji, wakaamka matajiri, na wengine hadi leo hawajapona mshangao. Palipokuwa na mabanda pakaota majumba meupe, mabalozi wakaja na bendera zao, matajiri wa vigae wakaja na mabwawa yao. Kitu kimoja tu hakikuguswa. Saa nane ikigonga, madirisha yanashushwa. Bibi Lotte, mke wa Daktari, anaichukua simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, anaizika kwenye kapu la nguo chafu, anaifunika mto, na hapo dunia inafungwa hadi saa kumi. Renana amekulia humo. Kumweleza mtu jambo hilo ingekuwa sawa na kumweleza kwamba watu hupumua.

Basi katapila nalo likaanza kulala mchana, Karako apende asipende. Na dereva wake, asiye na usingizi, akabaki na saa mbili mikononi asijue pa kuziweka.

Siku ya pili alikuwa amekaa chini ya mchungwa anakula mkate wake wa mayai na pilipili, akasikia, “Unadondosha makombo kwenye kiwanja cha Daktari Lilienfeld.”

“Niitie polisi.”

“Polisi wamelala.”

Renana alikaa. Alikuwa na viatu mkononi. Alikuwa mwalimu wa piano, na wanafunzi wake, watoto wa mabalozi na wa matajiri, huanza kuja saa kumi. Kabla ya hapo alipaswa kuwa kitandani na macho yamefumba.

“Twende nikuonyeshe kitu,” alisema. “Lakini usikanyage changarawe, inapiga kelele.”

Wakatembea katikati ya barabara, maana hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Ukuta wa waridi hapa, ukuta wa waridi pale. Mipira ya kumwagilia ilizunguka peke yake kwenye bustani, ikinong’ona, na kila ilipopita iliacha upinde mdogo wa rangi hewani. Harufu ya maua ya michungwa ilikuwa nzito, unaweza kuikata vipande. Mbwa mmoja alifungua jicho, akaona ni mapenzi, akalifumba. Mbali, nyuma ya vilima, bahari ilikuwa inapumua.

“Nimekaa hapa maisha yangu yote,” Renana alinong’ona, “na sijawahi kukiona kijiji chetu saa hizi.”

“Kizuri.”

“Unakitazama kijiji?”

“Nakitazama sana,” alisema Amram, na macho yake hayakutoka usoni kwake.

“Muongo mkubwa.”

“Nachimba mabwawa ya watu wanaoogopa maji, dada. Uongo ningeujulia wapi?”

Ikawa kawaida. Kila siku nyumba zikifumba macho, wao wanayafungua. Mahali pao palikuwa banda la kuku la Daktari, la mwisho lililobaki kijijini, tupu miaka mingi, jua linapenya kwenye nyufa za mbao na kulala sakafuni kwa mistari. Trei za mayai zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Manyoya meupe yalikuwa bado yanaelea ukifungua mlango, kuku wenyewe walishasahaulika. Hapo Renana alivua penseli nywele zikamwagika, na Amram akasahau sentensi aliyokuwa ameianza.

“Malizia basi,” alimcheka. “Mama yako alisema nini?”

“Mama yangu nani?”

“Amram!”

“Ah. Mama Zohra. Alisema, ‘Huyo msichana anakula kweli? Maana watu wa ng’ambo wanakula kipande cha keki na uma, wanashiba.’ Nikamwambia anakula. Akasema, ‘Mlete.’ Nikamwambia polepole. Akasema, ‘Polepole ndiyo iliyomfanya shangazi yako azeeke kwao.’”

“Na kwetu huwezi kuletwa tu. Bibi anaalika wiki mbili kabla, kwa kadi.”

“Kwetu ukipita mlangoni na hujaingia kula, wanauliza mmegombana nini.”

Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana kijiji kimelala. Akaiondoa mikono. Na pale walipokuwa wamefikia, hapakuwa na namna nyingine ila kubusiana, taratibu, kama watu wanaovuka chumba gizani bila kutaka kugonga kitu.

“Roho yangu,” Amram alisema.

“Sema tena.”

“Roho yangu. Hizi ni saa zetu, Renana. Wengine wachukue zilizobaki.”

*

Bwawa likaisha. Lilikuwa zuri, na wala halikupinda. Kampuni ikampeleka Amram Bahari ya Chumvi kuchimba mabirika ya kukaushia madini, kiangazi kizima, na baada ya hapo ilikuwa na barabara ya kujenga Nigeria, miaka miwili.

“Wanataka jibu kiangazi kikiisha,” alimwambia bandani, siku ya mwisho. Alikuwa anachezea vidole vyake, kimoja kimoja. “Nikisaini, nakwenda. Mshahara mara tatu. Lakini, Renana, neno moja tu. Ukiniambia baki, nabaki.”

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Renana. Lakini alikuwa mjukuu wa Lotte, na kwao neno kubwa halisemwi likiwa bado la moto.

“Acha nilifikirie vizuri,” alisema. “Nipigie. Nitakwambia kwa simu.”

“Nitapiga. Kwetu laini bado hatujapata, mama ameomba tangu nikiwa shule. Lakini kule kambini ipo.”

Renana akamwandikia namba ya nyumbani kwenye kiganja kwa ile penseli, akabonyeza mpaka ikauma. Kabla basi lake halijafika barabara kuu, Renana alishafikiri vya kutosha. Baki. Alikuwa analisema kila asubuhi mbele ya kioo.

Kule Bahari ya Chumvi, jua la mchana linapasua mawe. Saa nane wanaume wote hukimbilia kivulini, na kantini hufunguliwa. Simu ya kambi iko hapo, ukutani, na jioni mhasibu anafunga na kuondoka na ufunguo. Kwa hiyo Amram alikuwa na saa nane hadi saa kumi tu. Hakulalamika. Alifurahi hata. Alijua Renana yuko macho. Kijiji kizima kimelala, na yeye amekaa kando ya simu, penseli kwenye nywele, anangoja.

“Inaita?” aliuliza Mazal, mama wa kantini, akifuta meza.

“Inaita.”

“Inaita wapi, mwezini? Tangu Jumatatu unaita.”

“Labda yuko bustanini.”

“Bustani yao kubwa kiasi gani? Anahitaji ramani kurudi?”

Alipiga kila siku. Na kila siku, katika nyumba nyeupe ya Kfar Shmaryahu, simu ililia kwa sauti ya nzi ndani ya kapu, chini ya mto, kati ya soksi za Daktari na taulo za wiki. Bibi Lotte alikuwa anakoroma kwa heshima. Na Renana? Renana, saa hizo hasa, alikuwa bandani. Alikuwa amekaa peke yake kwenye mistari ya jua, magoti kifuani, anamwambia yule asiyekuwepo mambo ya siku. Zilikuwa saa zao. Angekuwa wapi kwingine?

Saa kumi anarudi, Bibi anaifukua simu, na hapo ndipo Renana anaanza kungoja. Jioni nzima. Mwanafunzi anapiga kinanda vibaya, mwalimu hasikii. Simu ikilia anaruka, kumbe ni mke wa balozi anaulizia somo la Jumatano.

“Una homa?” Bibi Lotte alimuuliza.

“Hapana, Bibi.”

“Basi kaa wima.”

Kumpigia yeye? Kijana aliyesema atapiga, na hakupiga? Mara moja alivaa viatu akafika mpaka barabara kuu, akatazama ng’ambo, paa za Neve Amal, nguo zilizoanikwa zinapepea. Akarudi.

Naye Amram, kila Ijumaa aliyopewa ruhusa, alishuka kwenye basi na vumbi lake na boksi la tende, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Lilienfeld. Alifika saa nane na nusu. Njia ya kwenda bandani kupitia kwa Karako ilishazibwa na ukuta wa bwawa, kwa hiyo akabonyeza kengele ya getini. Kimya. Mara ya kwanza akadhani kengele mbovu. Mara ya pili akaona pazia la juu limesogea, kidogo tu, na likarudi mahali pake. Alisimama pale jua likimpiga utosini. Mtu yumo. Mtu amemwona. Na mtu huyo amerudisha pazia.

Mara ya tatu hakubonyeza tena baada ya pazia. Akaondoka na tende zake.

“Basi,” alimwambia Mazal Jumapili, akikitundika kile chombo cha simu taratibu sana. “Jibu ndilo hilo. Mimi ndiye niliyechelewa kulielewa.”

“Nigeria ni mbali, Amram.”

“Ndiyo uzuri wake.”

*

Ijumaa ya mwisho ya kiangazi, saa saba na nusu, familia ya Lilienfeld ilikuwa mezani. Supu baridi, viazi, tango lililokatwa jembamba hadi likaonyesha upande wa pili. Bibi Lotte akakunja kitambaa chake mara nne.

“Natumaini leo yule muuza tende hatatusumbua,” alisema.

“Muuza tende gani?” Renana aliuliza bila kuinua kichwa.

“Anakuja baadhi ya Ijumaa. Anapiga kengele katikati ya usingizi, hebu fikiria. Mrefu. Anasimama getini na boksi lake kama amepandwa pale.”

Kijiko cha Renana kikabaki hewani.

“Mrefu, Bibi? Mwenye nyusi nene?”

“Nyusi sikupima. Nilichungulia tu.”

“Na hukufungua?”

“Kwa nini nifungue?” Bibi Lotte alishangaa kweli, kutoka moyoni. “Anayetufahamu hawezi kuja saa nane na nusu. Aliyekuja saa nane na nusu hatufahamu. Sasa nimfungulie nani?”

Renana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile. “Na simu,” alisema. “Ee Mungu wangu. Simu.”

“Simu imefanya nini?”

“Alisema ni saa zetu, Bibi! Alikuwa anapiga saa zetu!”

Akaikimbilia. Dakika chache baadaye mtu wa posta alikuwa amemuunganisha na kambi ya Bahari ya Chumvi, na sauti ya mwanamke ikajibu juu ya kelele za sahani.

“Kantini!”

“Samahani, mama. Namtafuta Amram Swissa.”

Sahani zikanyamaza. “Wewe nani?”

“Renana. Kutoka Kfar Shmaryahu.”

“Wewe! Ndiwe wewe? Una ulimi, kumbe! Mwanangu, kijana wa watu amesimama kwenye ukuta huu mpaka rangi imetoka! Simu yenu ilizikwa?”

“Ilizikwa, mama,” alisema Renana, na machozi yakaanza. “Kwenye kapu la nguo chafu.”

“Hilo sijawahi kulisikia, na hapa nimesikia yote. Sikiliza. Ameondoka alfajiri, yuko kwa mama yake kuwaaga watu. Sabato ikitoka tu, kesho jioni, anasaini. Sasa funga hiyo simu ukimbie. Na ukifika usilie, sema!”

Alipogeuka, babu yake alikuwa amesimama kwenye ngazi, pajama tayari, mkono kwenye reli. Saa ya ukutani iligonga saa nane.

“Babu, nipeleke Neve Amal.”

“Sasa?”

“Sasa hivi. Siwezi kungoja basi.”

“Heinz,” alisema Bibi Lotte kutoka mezani, “ni saa nane.”

Daktari Heinz alimtazama mjukuu wake, miguu peku, pua nyekundu. “Ni yule aliyezima mtambo?”

“Ndiye, Babu.”

Akapanda ngazi. Renana alidhani amekwenda kulala, akaanza kutafuta viatu vyake, atembee. Lakini mzee alishuka amevaa suti ya kijivu na tai, ufunguo wa gari mkononi.

“Lotte,” alisema, “lala bila mimi.”

*

Aliendesha kama anavyoendesha siku zote, katikati ya mstari, akiwasha taa ya kona hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuiona. Majumba meupe yalipita taratibu, madirisha yameshushwa, mipira ya maji inazunguka. Renana alikuwa anausukuma mguu wake sakafuni kana kwamba gari litaelewa.

“Babu, hapo hakuna gari. Pita.”

“Kuna alama ya kusimama.”

Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, barabara tupu imelala kwenye joto. Na hapo, badala ya kuondoka, akaongea.

“Kule tuliacha kila kitu. Nyumba, vitabu, jina langu kwenye kibao cha mlangoni. Tukafika hapa, mchanga. Mimi na bibi yako tukatazamana: tumebeba nini? Tulikuwa tumebeba saa. Saa nane hadi saa kumi, kama kwa mama yangu. Ndiyo maana tukaifungia mlango.” Akashika gia. “Sikufikiria kwamba kuna mtu atakuja kupendwa humo ndani.”

“Babu.”

“Nakwenda, nakwenda.”

Wakavuka barabara kuu.

Ng’ambo ile hapakuwa na kitu kilicholala. Redio zilikuwa zinashindana kwenye vibaraza, akina mama wanapigiana kelele za kuazimana bizari, mazulia yanapigwa vumbi kwa ajili ya Sabato, na barabara nzima inanukia samaki wa pilipili nyekundu. Nyumba ya Mama Zohra haikuhitaji kuulizwa. Ilikuwa ile ambayo watu walifurika mpaka kwenye ngazi, wajomba, mashangazi, majirani, kila mmoja na nasaha zake kuhusu Nigeria, ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kufika.

Renana alishuka. Kelele zikapungua kidogo kidogo, kutoka ngazini hadi jikoni. Mama Zohra akatokea mlangoni, mfupi, mnene, kitambaa cha maua kichwani, mwiko mkononi. Akalitazama gauni la rangi ya limau, penseli kwenye nywele.

“Haya,” alisema. “Kumbe unatembea pia. Sisi tulidhani umegandishwa huko kwenye simu.”

“Mama, mimi—”

“Sijaanza! Mwanangu, niwe kafara yake, amekonda mpaka suruali inahitaji kamba. Ulimchungulia nyuma ya pazia! Mtoto wa watu na tende zake!”

“Sikuwa mimi. Alikuwa Bibi. Alidhani anauza.”

“Anauza?” alisema shangazi mmoja. “Kilo pesa ngapi?”

Kicheko kikapasuka, na katikati yake Amram akatoka. Alikuwa na shati jeupe la Sabato, nywele bado mbichi. Alipomwona akasimama, mkono kwenye nguzo, na uso wake ukajifunga.

“Umekuja kuniaga?”

“Ulikuwa unapiga saa ngapi?”

“Saa zetu. Wewe unajua.”

“Amram, saa hizo simu yetu inawekwa kwenye kapu la nguo chafu, inafunikwa mto. Tangu sijazaliwa. Kila siku.”

“Kwenye kapu?”

“Chini ya mto.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Bandani,” alisema. “Nilikuwa bandani, nakungoja. Zilikuwa saa zetu.”

Alimtazama. Watu wote walimtazama akimtazama. Hata redio ya jirani mtu aliizima. Nyusi zake, zile nene, zikaanza kulegea, kwanza moja, kisha nyingine.

“Kiangazi kizima,” alisema polepole, “nimekuwa nikizipigia soksi za babu yako.”

“Na taulo.”

“Na hazikuniambia chochote.”

“Mimi nakwambia. Baki.” Halafu, kwa kuwa Mazal alimwambia aseme, akasema kwa sauti ambayo haijawahi kutumiwa Kfar Shmaryahu, saa yoyote ile. “Baki, Amram! Usisaini!”

“Ee, amesikia, na Nigeria wamesikia,” alisema mjomba.

Amram alishuka ngazi. Alimshika uso kwa mikono miwili, mbele ya mama yake, mbele ya mashangazi, mbele ya jua lote la Ijumaa. “Nishazoea wazo la kusaini,” alisema. “Kesho jioni mkono utawasha. Nisaini wapi sasa?”

“Kwa rabi,” alisema Renana.

“Wewe ndiye unayeniposa?”

“Wewe ulichelewa.”

Vigelegele vilianzia jikoni na kutokea barabarani. Mashangazi walimvuta Renana huku na huku, mmoja anambusu, mwingine anampima kiuno kwa viganja na kutikisa kichwa, na Amram amemshika mkono asipotee. Mama Zohra alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa alipoona lile gari, ng’ambo ya barabara, na ndani yake mzee wa suti na tai, wima, mikono kwenye usukani, jasho linamtiririka.

“Na yule ni nani anayeiva?”

“Babu yangu,” alisema Renana. “Hatashuka, mama. Hajaalikwa.”

Mama Zohra alivuka barabara na mwiko wake. Akagonga kioo. Daktari Heinz akakishusha, akainamisha kichwa.

“Bibi, samahani sana. Hatukutoa taarifa. Na tena ni saa nane na—”

“Saa nane na samaki ameiva,” alisema Mama Zohra, akafungua mlango wa gari, akamshika mzee mkono. “Shuka, mkwe. Ingia ule.”